Kukagua na kutunza sakafu za majengo Nyanda za Juu Kusini: mwongozo kamili

Mwezi mzuri wa kukagua sakafu huku kwetu ni Oktoba. Ardhi imekauka kabisa, ufa uliojibana wakati wa mvua umefunguka, na zimebaki wiki chache kabla mvua hazijaanza Novemba. Ukaguzi wa pili ni Mei, mvua zikikatika, kwa sababu hapo ndipo unapoona maji yamefanya nini ndani ya nyumba. Walio Tukuyu na miteremko ya Rungwe, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000 na karibu haina likizo, waongeze ukaguzi wa tatu wa unyevu katikati ya msimu.

Sakafu unayoiona ni ngozi tu. Chini yake kuna tabaka la kusawazisha la mchanga na saruji, ambalo mafundi huliita skridi. Chini ya skridi kuna zege la jamvi (bamba la zege linalobeba sakafu), kisha nailoni nyeusi (kama iliwekwa), kisha mawe, kifusi au moramu (udongo wa changarawe), kisha udongo wenyewe. Kasoro nyingi zinazoonekana juu zimeanzia tabaka moja au mawili chini. Ndiyo maana kiraka cha saruji kilichopigwa Mei hupasuka Agosti palepale. Kwa hiyo usiguse uso wa sakafu kabla hujajua kilicho chini yake, hata fundi akisema, "Bosi, huu ni ufa wa kawaida tu, tunaziba leo leo."

Vifaa

Hakuna cha ajabu: futi kamba, pima maji, rula iliyonyooka ya aluminiamu ya mita 2, sarafu ya shilingi 200, msumari wa inchi 3, chaki, tochi, penseli, kipande cha nailoni safi cha mita moja kwa mita moja, utepe wa gundi na daftari. Mpira wa maji wa kupimia usawa utahitajika kwenye vyumba vikubwa. Chora ramani ya kila chumba katika daftari, hata kwa mkono tu. Kasoro isiyo na mahali wala tarehe haikusaidii mwakani.

Anza nje

Zunguka nyumba kwanza. Udongo wa nje uwe chini ya usawa wa sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi. Nyumba nyingi zilijengwa vizuri, ila miaka ikaleta maua, kifusi na pavingi mpya, udongo ukapanda hadi kulingana na sakafu. Hapo unyevu unavuka ukuta bila kipingamizi. Ukanda wa saruji au pavingi unaozunguka nyumba uwe na upana wa sentimita 60 hadi 90, na uinamie nje kwa sentimita 2.5 kwa kila mita. Angalia maji ya bati yanadondokea wapi. Kama hakuna gata, utaona mfereji uliochimbwa na matone, na tope limerukia ukuta hadi magotini.

Nyumba ya mlimani ina jambo lake. Kiwanja cha mteremko, kama vilivyo vingi Mbeya na Iringa mjini, kwa kawaida hukatwa upande wa juu na kujazwa upande wa chini. Nusu ya sakafu inakalia udongo wa asili, nusu inakalia kifusi. Kifusi kisiposhindiliwa kwa matabaka ya sentimita 15, kitaendelea kushuka miaka. Tafuta mahali mpaka huo ulipopita. Ukikuta ndani ufa mrefu unaokata vyumba viwili vitatu kwa kufuata mstari huohuo, sambamba na mlima, umeshapata jibu kabla hujapiga magoti.

Ingia ndani

Toa mikeka, zulia na meza ndogo. Fagia, usipige deki, kwa sababu sakafu yenye maji huficha nyufa nyembamba na madoa ya unyevu. Kisha vua viatu. Mguu mtupu huhisi marumaru iliyoinuka nusu milimita, huhisi mchanga wa saruji inayolika, na huhisi ubaridi wa sehemu yenye unyevu kabla jicho halijaona chochote.

Jioni, zima taa, laza tochi sakafuni na uelekeze mwanga ukutani. Kila kibonde na kila kigae kilichopanda kitatupa kivuli kirefu. Zungushia chaki. Kesho yake weka rula ya mita 2 juu ya alama hizo na upime pengo kubwa kabisa chini yake. Kwa sakafu ya marumaru, pengo la zaidi ya milimita 3 linatosha kusababisha vigae kukanyagwa kwenye kona na kuvunjika. Kwa sakafu ya niru (saruji iliyosuguliwa laini, bila vigae), milimita 5 inavumilika.

Sasa gonga. Shika sarafu kwa ukingo na upige kila kigae katikati na pembe zote nne. Kwenye niru, piga kila sentimita 30. Iliyoshika hutoa mlio mfupi na mkavu. Iliyoachia hulia kama mtungi mtupu. Weka alama ya X palipolia. Kigae kimoja kimoja kinacholia mtungi kwenye kona tu, kisichocheza na kisicho na ufa, kiandike na ukiache. Robo ya chumba ikilia mtungi, hasa ikiwa ni eneo moja lililoungana, usibadilishe kimoja kimoja. Shida iko kwenye skridi au namna gundi ilivyopakwa, na vilivyobaki vitafuata.

Unyevu

Dalili ni nne: madoa meusi kwenye maungio ya marumaru, unga mweupe wa chumvi juu ya niru, skatingi (ukanda wa chini ya ukuta) inayobanduka au kuvimba, na harufu ya uvundo chini ya zulia la plastiki. Tatizo ni kwamba nyanda hizi zina baridi, na baridi nayo hutoa maji. Juni na Julai, hasa Njombe na Makete, sakafu ikipoa usiku kisha jiko likaanza kuchemsha asubuhi, mvuke hutua juu ya marumaru kama umande. Mtu akiona hivyo hudhani maji yanatoka chini, akamwita fundi avunje.

Kipimo cha kutofautisha ni ile nailoni. Ibandike kwenye sakafu kavu, kingo zote nne zikiwa zimezibwa kwa utepe, mbali na jua la dirishani. Iache saa 24. Matone yakiwa upande wa chini wa nailoni, au niru ikiwa imebadilika rangi na kuwa nyeusi, unyevu unapanda kutoka ardhini. Yakiwa upande wa juu tu, ni mvuke wa chumbani. Fungua madirisha, weka matundu ya hewa, na jikoni pawe na njia ya mvuke kutoka. Rudia kipimo sehemu tatu za chumba: karibu na ukuta wa nje, katikati, na karibu na bafu. Ukutani pakiwa na maji na katikati pakavu, shughulika na nje: udongo, gata na mifereji. Kote kukiwa na maji, nailoni haikuwekwa chini ya jamvi au ilitobolewa na mawe siku ya kumwaga zege. Karibu na bafu peke yake, tafuta bomba.

Jamvi lisilo na nailoni lina njia tatu. Ya kwanza na rahisi ni kuacha sakafu inayopumua: niru au tarazo (saruji yenye vipande vya mawe, iliyosuguliwa kwa mashine), bila zulia la plastiki wala rangi nzito ya mafuta. Ya pili ni kupaka epoksi ya kuzuia unyevu, koti mbili zinazokatana, juu ya zege lililosuguliwa na kusafishwa. Ya tatu ni kutandika nailoni mpya ya mikroni 250, maungio yakipishana sentimita 15 na kingo zikipanda ukutani, kisha skridi mpya juu yake isiyopungua sentimita 5. Kabla ya kuchagua hii ya tatu, pima urefu wa milango. Wengi hukumbuka milango skridi ikiwa imeshakauka.

Skridi mpya nayo ina maji yake. Kadiria siku moja ya kukauka kwa kila milimita, hadi milimita 50. Unene ukizidi hapo, muda huongezeka zaidi ya hesabu hiyo. Skridi ya sentimita 5 basi ni kama siku 50 katika hali nzuri ya hewa, na kwa Julai ya Njombe ongeza. Marumaru zinaweza kutangulia baada ya wiki tatu hivi, lakini mbao na plastiki zisubiri hadi kipimo cha nailoni kitoke kikavu.

Nyufa

Usiulize kwanza ufa ni mpana kiasi gani. Uliza kama unatembea. Weka mstari wa penseli kwenye ncha mbili za ufa, andika tarehe, kisha ziba sehemu ya ufa kwa kiraka chembamba cha jasi, upana wa vidole viwili. Jasi ni ngumu lakini haivutiki: ufa ukisogea hata kidogo, kiraka kitakatika. Subiri miezi mitatu, na kama unaweza, ipite mvua.

Nyufa nyembamba kama unywele, zilizosambaa kama utando wa buibui, ni za uso tu. Niru ilikauka haraka au fundi alinyunyizia saruji kavu juu. Hazina madhara ila kuonekana vibaya. Ufa mmoja ulionyooka katikati ya chumba kikubwa, pande zote mbili zikiwa sawa, ni wa kusinyaa: skridi ilimwagwa yote kwa pamoja bila kukatwa vipande. Kama jasi haijakatika, panua ufa kwa grenda hadi milimita 10 kwa 10, toa vumbi lote kwa brashi, kisha jaza epoksi, au saruji na mchanga laini kwa 1:2 vikichanganywa na gundi ya kuunganishia zege.

Ufa wenye upande mmoja juu na mwingine chini ni habari nyingine. Pima tofauti hiyo kwa rula na kipande cha karatasi ngumu. Ikizidi milimita 3, au mlango wa chumba hicho umeanza kukwama, acha kuziba. Chini pameshuka. Kwenye mbuga za Usangu, upande wa Mbarali, udongo mweusi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, hivyo sakafu hupanda na kushuka kila mwaka. Dawa yake ni kuondoa udongo huo na kujaza moramu, wala si kuongeza saruji. Kwenye udongo mwekundu wa milimani, chanzo cha kawaida ni kifusi kisichoshindiliwa au bomba linalovuja chini ya jamvi na kukilainisha. Usiku funga koki zote, soma mita ya maji, kisha soma tena baada ya saa mbili bila mtu kutumia maji. Namba ikisogea, umepata.

Mbeya imekaa mahali matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana, na mitetemeko midogo si mgeni. Baada ya kila mtetemeko uliohisiwa, rudi kwenye alama zako za penseli.

Niru inayotoa vumbi

Hii ndiyo kero kubwa ya madarasa, maghala na maduka. Unafagia asubuhi, mchana kuna unga wa kijivu tena. Chora miraba midogo kwa msumari ukikandamiza kwa nguvu ya kawaida ya mkono. Mkwaruzo mweupe mwembamba maana yake uso ni mgumu. Msumari ukichimba na kuacha unga, uso ni dhaifu.

Sababu zake hujirudia. Maji mengi kwenye mchanganyiko. Fundi kusugua niru wakati maji bado yanachomoza juu. Kumwagilia siku mbili kisha kuacha. Na mchanga wenye udongo. Huo wa mwisho upime mwenyewe kabla ya kununua lori zima: jaza mchanga nusu ya chupa ya kioo iliyonyooka, ongeza maji yenye chumvi kidogo hadi karibu na mdomo, tikisa, acha saa tatu. Tabaka la tope laini litakaa juu ya mchanga. Tope likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, mchanga uoshwe au ukataliwe. Mchanga wa mto ukichotwa mwanzoni mwa mvua huwa hivyo mara nyingi.

Niru inayotoa vumbi lakini iliyoshika (haikulia mtungi) inaweza kuokolewa kwa sodiamu silikati, ambayo wengine huiita maji ya kioo. Sugua sakafu kwa brashi ya waya, osha, acha ikauke siku mbili. Changanya sehemu 1 ya silikati na 4 za maji, mwaga na usambaze kwa brashi hadi sakafu ikatae kunyonya, kisha futa ya ziada. Rudia kesho na keshokutwa. Dawa huingia na kuungana na chokaa iliyomo ndani ya saruji, uso ukawa mgumu. Vaa glavu na miwani, kwa sababu inaunguza macho, na kioo cha dirisha ikikirukia kifute papo hapo.

Niru iliyoachia lazima ibomolewe na kupigwa upya pamoja na skridi yake. Hesabu ya chumba cha mita 3 kwa 3.5, unene sentimita 4, kwa 1:4 (saruji moja, mchanga nne): mfuko wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35, kwa hiyo unakwenda na ndoo 7 za lita 20 za mchanga. Chumba hicho kitakula mifuko mitatu na ndoo 21 hivi, na nusu mfuko wa niru juu. Pima kwa ndoo. Koleo halipimi, kwa sababu koleo la asubuhi na la saa tisa alasiri si moja.

Tindua zege la chini hadi likwaruze, fagia, limwagilie usiku kucha, asubuhi ondoa maji yaliyotuama. Paka uji wa saruji na umwage skridi kabla uji haujakauka, yaani ndani ya dakika 10 hadi 15. Ukisubiri, uji huo unakuwa ngozi ya kutenganisha badala ya kuunganisha, na sarafu itakuja kukwambia. Mchanganyiko uwe wa kufinyangika: ukiukamata mkononi ushikane kama tonge la ugali bila kutoa maji kati ya vidole. Gawa sakafu vipande visivyozidi mita 3 kwa 3. Piga niru pale kidole kinapoacha alama bila kuzama. Kwenye baridi ya Julai hilo linaweza kuchukua saa nyingi kuliko fundi aliyezoea Dar es Salaam anavyotegemea, na uharaka hapo ndio unaozaa vumbi. Funika kwa nailoni au magunia mabichi siku 7. Kipindi cha baridi, siku 10. Usiku wa umande mkali uliokaribia barafu usimwage kabisa. Saruji karibu inalala ikifika nyuzijoto 5.

Marumaru

Kigae huachia kwa sababu chache. Ya kwanza ni madonge. Fundi anaweka madonge matano ya saruji nyuma ya kigae na kukibonyeza, kati yake kuna hewa. Kigae cha sentimita 60 kilichobandikwa hivyo kitavunjika siku kochi litakapoburutwa. Ndani pakavu, gundi ishike asilimia 80 ya mgongo wa kigae au zaidi. Bafuni na nje, asilimia 95. Ya pili ni skridi yenye kiu au vumbi, iliyonyonya maji ya gundi kabla haijakamata. Ya tatu ni kukosa nafasi ya kutanuka. Marumaru zikijazwa ukuta hadi ukuta bila pengo, jua likiingia dirishani husukumana, na siku moja mstari mzima unafumuka katikati ya sebule kama paa la hema, kwa kishindo. Acha milimita 6 hadi 8 kuzunguka kuta (skatingi itaficha) na weka maungio laini ya silikoni kila mita 6 hadi 7 ndani, kila mita 3 kwenye baraza na palipo na jua la moja kwa moja.

Kubadilisha kigae kimoja:

1. Vaa miwani. Kata grauti (saruji ya kujaza maungio) yote pande nne kwa grenda au kisu cha grauti. Ukiruka hatua hii, ufa utahamia kwa jirani.
2. Toboa katikati ya kigae kibovu, kisha kivunje kwa tindo ukielekea pembeni. Usianze kamwe ukingoni.
3. Ondoa gundi ya zamani hadi chini, ili kina kitoshe kigae na milimita 4 hadi 6 za gundi mpya. Gonga skridi; ikilia mtungi, panua eneo.
4. Futa vumbi, lowesha kidogo kwa sponji bila kuacha maji.
5. Paka gundi ya marumaru kwa mwiko wa meno wa milimita 8 au 10, mistari yote ikielekea upande mmoja. Paka na mgongo wa kigae safu nyembamba.
6. Kiweke, kisogeze kidogo mbele na nyuma ukikatiza mistari, gonga kwa nyundo ya mpira, weka spesa (vipande vya kuachanisha vigae), linganisha na majirani kwa rula.
7. Usikanyage saa 24. Juni hadi Agosti, saa 48.
8. Jaza grauti kwa mshazari, futa kwa sponji yenye maji machache baada ya dakika 15 hadi 20. Deki kesho yake.

Kwa kigae cha kwanza, kiinue baada ya kukibonyeza na uangalie mgongo. Mistari ya mwiko ikiwa bado inaonekana, gundi haitoshi au imeanza kukauka. Gundi hula kilo 4 hadi 5 kwa mita ya mraba. Grauti kwa kigae cha 40 kwa 40 na nafasi ya milimita 3 ni kama robo kilo kwa mita ya mraba.

Bafuni, mwaga kikombe cha maji mbali na tundu na usubiri. Mteremko unaotosha ni sentimita 1 hadi 1.25 kwa kila mita. Maji yakituama, grauti itaoza hata ukiibadilisha kila mwaka.

Tarazo, sakafu nyekundu, mbao na plastiki

Tarazo za ofisi, benki na hospitali za zamani zitawazika wengi wetu zikiachwa bila asidi. Ndimu, siki, soda na dawa za chooni hula chokaa na vipande vya marumaru halisi. Doa lake halifutiki, linasuguliwa tu kwa mashine na mawe kuanzia namba 60, 80, 120 na kuendelea. Doa la mafuta huvutwa kwa uji wa unga wa chaki na spiriti, ukifunikwa kwa nailoni saa 24.

Sakafu nyekundu (niru iliyotiwa rangi) hupakwa polishi nyingi mno. Koti moja nyembamba, isuguliwe kwa kipande cha blanketi hadi kidole kisiache alama. Polishi iliyorundikana hushika tope ikawa nyeusi, na watoto wakiingia na miguu ya mvua wanateleza. Ivue kwa maji ya moto na soda ya kufulia, suuza mara mbili, anza upya. Mafuta ya taa yanafanya kazi hiyo pia, lakini chumba kitanuka wiki nzima na cheche moja inatosha.

Mbao za paini kutoka Mufindi ni nafuu na ni laini. Kisigino cha kiatu huacha alama. Mninga huvumilia zaidi. Zote mbili ziache milimita 10 hadi 12 ukutani, kwa sababu hutanuka wakati wa mvua, na usizibe mianya ya Oktoba kwa nguvu, itajifunga Januari. Sakafu ya mbao iliyoinuliwa inahitaji matundu ya hewa chini. Chungulia kwa tochi kama mchwa wamejenga njia zao za udongo kwenye nguzo. Kupaka vanishi upya: msasa namba 60, kisha 80, kisha 120, koti tatu. Lita moja hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa koti moja, kwa hiyo chumba cha 4 kwa 4 ni lita 4 hadi 5.

Zulia la plastiki: liinue kila baada ya miezi mitatu, acha sakafu ipumue siku nzima. Basi.

Usafi wa kila siku

Mchanga ndio msasa wa sakafu. Weka mkeka mgumu nje ya mlango na wa kitambaa ndani, jumla hatua tatu nne za mtu mzima. Tope jekundu la Iringa likiingia, liache likauke, lifagie, ndipo upige deki. Ukilifuta bichi unalisukumia ndani ya grauti na rangi yake haitoki. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na ubadilishe maji ya kusuuzia kila chumba. Sabuni ya maji ya kawaida, kijiko kimoja kikubwa kwa lita 10, inatosha. Ukizidisha, utando wake ndio utakaoteleza na kukamata vumbi.

Usichanganye dawa ya chooni yenye asidi na jiki. Hutoa gesi ya klorini, na bafu dogo lenye dirisha lililofungwa kwa sababu ya baridi ni mahali pabaya pa kujifunza hilo.

Jiko la mkaa lisikae moja kwa moja juu ya marumaru, vanishi wala zulia la plastiki. Kigae kikipashwa moto sehemu moja huku kingo zake zikiwa baridi, hupasuka kwa mstari wa mviringo unaojulikana. Liweke juu ya tofali mbili na bati, jikoni au nje. Chumba cha kulala kilichofungwa lisiingie hata kama limebakiza makaa mekundu tu: hewa yake haina harufu na inaua.

Masalio ya marumaru, asilimia 5 hadi 10 ya ulizonunua, yahifadhi na boksi lake lenye namba ya rangi na ya mzigo. Andika kwa kalamu ya wino mzito juu ya boksi: chumba gani, mwezi gani, gundi gani, grauti rangi gani. Boksi likae juu ya mbao, mbali na ukuta wa nje.